Yanayosemwa kantini na yaliyomo kwenye sheria ya kazi

Miaka kadhaa nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja jijini Dar es Salaam. Sentensi niliyoiandika mara nyingi kuliko zote kwenye daftari langu ni hii: "Supavaiza anatunyanyasa, hatuna morali tena." Ilikuwa kweli, lakini hakuna aliyewahi kusaidika nayo. Haya hapa maneno mengine niliyozoea kuyasikia kantini, na sheria inavyoyajibu.

"Lalamiko ni kueleza ulivyoumia." Hapa ndipo wengi wanapokwama. Uongozi ukisikia "morali" unajibu "jitahidini", na mazungumzo yanaishia hapo. Siku moja kijana wa ufungashaji akaniletea karatasi iliyokunjwa mara nne: tarehe 3, 4, 5, 9 na 10 kapangwa usiku, mwenzake wa mashine ileile hajapangwa hata siku moja, na hati yake ya mshahara haina nyongeza ya usiku. Mambo yakabadilika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ilipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na ovataimu ilipwe mara moja na nusu. Meneja alibishana nasi kuhusu upendeleo mpaka chai ikapoa. Kuhusu ile hati ya mshahara hakuwa na la kusema.

"Ukilalamika utafukuzwa." Hofu hii haitoki hewani, nimeona mtu anahamishwa zamu wiki moja tu baada ya kunyoosha mkono kikaoni. Hata hivyo, kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na kinasema wazi kuwa mfanyakazi kutumia haki yake si sababu halali ya kumwachisha kazi. Ila kinga hiyo haimfikii aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6. Kama ndiyo kwanza umeingia, pita kwa mwakilishi wa tawi la chama cha wafanyakazi, usitangulie wewe mbele.

"Barua isiyo na jina ndiyo salama." Salama ni kweli. Lakini nani ataitwa aulizwe zaidi? Bora barua moja yenye saini za watu kumi.

"Yakizidi, acha kazi kwa heshima, utadai baadaye." Hii ndiyo iliyoniumiza zaidi. Dada mmoja alitukanwa mbele ya wenzake kwa miezi, akaandika barua ya mistari miwili: anaacha kazi "kwa sababu binafsi", anaushukuru uongozi kwa ushirikiano. Alipokuja kwangu alikuwa ameshakabidhi kitambulisho. Sheria inamtambua mtu aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike, na inahesabu kuwa mwajiri ndiye aliyemwachisha. Lakini kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinaangalia kama kwanza alitumia njia za malalamiko zilizopo kazini, au alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Yeye hakuwa na hata nakala moja ya lalamiko, na barua yake mwenyewe ilikuwa inamtetea bosi.

"CMA ni ya waliofukuzwa, tena uende na wakili." Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (ndiyo hiyo CMA) inapokea pia madai ya waliomo kazini, na kiongozi wa chama chako anaweza kukuwakilisha. Kinachowaponza watu ni siku za kufungua madai: 30 kwa aliyeachishwa, 60 kwa migogoro mingine. Wengi huzimaliza wakimsubiri mkurugenzi arudi safari, halafu wanaanza kuomba kuongezewa muda. Mtumishi wa umma ana njia yake: lazima kwanza amalize ngazi za rufaa za utumishi wa umma.

Na mabosi nao wana dhana yao: "Morali ikishuka, tufanye bonanza." Kwetu lilifanyika Jumamosi, fulana mpya, pilau, kuvuta kamba, na meneja akaanguka watu wakacheka mpaka machozi. Jumatatu ratiba ya zamu ikabandikwa ubaoni. Usiku yalikuwa majina yaleyale.