Je, wajua kwa nini kabila moja la Wagalia, yaani Wakelti wa Ufaransa ya kale, liliitwa "Majeshi Manne"?

Kusini-magharibi mwa Ufaransa kuna mji uitwao Périgueux, na nchi inayouzunguka huitwa Périgord. Wapenzi wa mapishi wanaifahamu kwa uyoga mweusi unaochimbwa ardhini na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Wapenzi wa mambo ya kale wanaifahamu kwa michoro ya pango la Lascaux. Majina Périgueux na Périgord yametoka kwa kabila moja dogo la Wagalia, Petrocorii, lililokaa kwenye mabonde ya mito Isle na Dordogne kabla ya Warumi kuiteka nchi. Petrocorii maana yake ni "majeshi manne".

Imejulikanaje, wakati Wagalia hawakuacha kamusi? Aliyesoma Kilatini kidogo angeweza kuona hapo neno petra, yaani jiwe, hasa kwa kuwa nchi yenyewe imejaa miamba na mapango. Ushahidi unaelekea kwingine. Huko La Graufesenque, karibu na mji wa leo wa Millau, wafinyanzi wa karne ya 1 BK walikuwa wakikwaruza juu ya sahani hesabu ya vyombo vilivyopangwa tanurini, na kila mzigo wa tanuri wakaupa namba kwa Kigalia. Wa tatu ni tritos, wa nne ni petuar. Warumi nao walikuwa na gari la magurudumu manne waliloliita petorritum, na waandishi wao wenyewe walisema kwamba neno hilo wamelichukua kwa Wagalia. Napenda sana kwamba jina la taifa zima limefumbuliwa kwa msaada wa mafundi waliokuwa wakihesabu sahani zao tu.

Kwa nini p, ilhali nne ya Kilatini ni quattuor? Kwa sababu lugha hizo mbili ni ndugu zilizoachana njia: palipo na qu kwa Mrumi, mara nyingi Mgalia ana p. Farasi kwa Kilatini ni equus, kwa Kigalia ni epos, na ndiyo maana mungu wa kike wa farasi aliitwa Epona. Sehemu ya pili ya jina, corios, ni kikosi cha vita. Jamaa zake ni cuire ya Kiairishi cha kale, yaani kundi la watu, na Heer ya Kijerumani, yaani jeshi.

Lakini kwa nini manne? Hata Pwani ya Kenya watu wamejiita kwa hesabu ya mafungu yao: Mijikenda ni miji tisa, tangu Wagiriama na Wadigo hadi Wakauma, kila mmoja na jina lake chini ya jina la wote. Petrocorii wanaeleweka vizuri kwa njia hiyo, kama vikosi vinne vilivyoungana vikawa taifa.

Na Wakelti wengine wanatupa sababu ya kuamini hivyo. Julius Caesar, amiri jeshi Mrumi aliyeiteka Galia, nchi ya Wagalia, aliandika kwamba Helvetii, waliokaa Uswisi ya leo, waligawanyika katika mafungu manne. Alipovuka kwenda Uingereza mwaka 54 KK alikuta Kent ina wafalme wanne. Mfano ulio wazi kuliko yote uko mbali zaidi, Asia Ndogo, yaani Uturuki ya leo, katika nchi ya Galatia, ile ambayo Mtume Paulo aliyaandikia makanisa yake waraka. Jina la Galatia limetokana na Wakelti waliovuka kutoka Ulaya mwaka 278 KK. Strabo, mwanajiografia Mgiriki, anaeleza kwamba walikuwa makabila matatu, na kila kabila liligawanywa mafungu manne. Kila fungu lilikuwa na mtawala wake, hakimu wake na amiri jeshi wake. Hesabu maamiri wa kabila moja: wanne. Kwangu mimi, hapo jina la Petrocorii linaacha kuwa fumbo na kuwa maelezo ya namna walivyojipanga.

Walikuwapo hata Tricorii, "majeshi matatu", katika milima ya Alpi. Livy, mwanahistoria Mrumi, anawataja kwenye njia ya Hannibal, amiri jeshi wa Karthago, mwaka 218 KK, alipokuwa akielekea Italia na tembo wake.

Mwaka 52 KK Petrocorii walipeleka askari wao kumwokoa Vercingetorix, kiongozi wa Wagalia, aliyezingirwa na Caesar huko Alesia. Wagalia walishindwa. Baadaye Strabo anawasifu Petrocorii kwa viwanda vizuri vya chuma. Chini ya utawala wa Roma mji wao mkuu ulijengwa kwenye kona ya mto Isle, ukaitwa Vesunna kwa jina la mungu wao wa kike. Mnara wa hekalu lake bado umesimama, wenye urefu wa zaidi ya mita 20, ukiwa na pengo kubwa ubavuni. Hadithi ya wenyeji husema pengo hilo lilitokea Mtakatifu Front alipowafukuza mashetani.

Mwishoni mwa enzi ya Warumi miji mingi ya Galia iliacha majina yake na kuchukua ya makabila. Lutetia ikawa mji wa Parisii, yaani Paris. Durocortorum ikawa Reims, kwa jina la Remi. Vesunna nayo ikawa mji wa Petrocorii. Vinywa vya karne nyingi vikaila t ya katikati na kulainisha c kuwa g, mji ukawa Périgueux na nchi yake Périgord. Mwaka 1790 serikali ya mapinduzi ilipochora mikoa mipya, eneo hilo ililipa jina la mto, Dordogne. Wenyeji wengi hadi leo husema wanatoka Périgord.