Albamu ya panki kwenye santuri: yasemwayo na yaliyo kweli

Mwanamuziki wa panki, ule muziki wa roki wa kasi na makelele, akitangaza kwamba albamu yake mpya inatoka kwenye santuri, lawama humfikia kabla wimbo hata mmoja haujasikika.

Lawama kubwa ni kwamba amewasaliti wenzake, eti santuri ni pambo la wenye pesa. Historia ya panki inasema vingine. Mwishoni mwa Desemba 1976, bendi ya Buzzcocks wa Manchester walirekodi nyimbo nne kwa pesa za kukopa, takriban pauni 500, na Januari 1977 wakazitoa kwa jina la "Spiral Scratch" chini ya lebo (kampuni ya kutoa muziki) yao wenyewe, New Hormones. Walianza na nakala 1,000, zikaisha. Kwenye jalada waliandika wazi kila wimbo ulirekodiwa vipi: "Breakdown" ni jaribio la tatu, bila sauti ya kuongezea. Msikilizaji alionyeshwa kwamba kazi hii inawezekana, naye akajaribu yake. Mwaka 1980 vijana wa lebo ya Dischord, Washington, walikuwa wakikata, kukunja na kugundisha majalada kwa mikono yao. Santuri ndiyo iliyoipa panki uhuru wake, na mimi siwezi kumlaumu msanii anayeirudia.

Wengine hudai nyimbo za dakika mbili mbili zinapoteza nafasi kwenye sahani kubwa. Hapa ukweli ni kinyume kabisa. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12, kwa kasi ya mizunguko 33⅓ kwa dakika, hubeba kama dakika 20 bila taabu. Ukiulazimisha ubebe zaidi, mifereji ambamo sindano hupita inabanana, sauti inabidi ipunguzwe na besi inasinyaa. Albamu ya kwanza ya bendi ya panki ya Ramones, ya 1976, ina nyimbo 14 na haifiki dakika 30. Gitaa zikipewa nafasi kama hiyo, zinanguruma. Hata mpangilio wa nyimbo una maana: sindano ikikaribia katikati, sauti za "s" na matoazi huanza kukwaruza, kwa hiyo wimbo wenye makelele zaidi hufaa kuwekwa mwanzoni mwa upande.

Je, santuri ni analogi tupu, yaani sauti isiyopitia kompyuta, na kwa hiyo lazima iishinde CD? Hapana. Santuri nyingi za leo huchongwa kutoka faili za kidijitali. Kinachoamua ni fundi aliyeiandaa sauti. Akichukua masta (rekodi kuu ya mwisho) iliyokandamizwa kwa ajili ya intaneti na kuichonga vilevile, mnunuzi amepata jalada zuri tu.

Rangi? Hudaiwa kwamba nyeusi ndiyo ya asili. Lakini PVC, plastiki ya santuri, yenyewe si nyeusi, weusi hutokana na kaboni inayoongezwa. Na sahani kuwa nzito, ya gramu 180, hakuongezi muziki wowote.

Kuhusu santuri kuchelewa kutoka, wengi humwita msanii mvivu. Lakini kwa njia iliyozoeleka sauti huchongwa kwanza kwenye sahani ya laka, kisha hutengenezwa kalibu za nikeli, ndipo plastiki ya moto igandamizwe. Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters huko California kiliungua, na mtengenezaji mkubwa wa sahani hizo za laka aliyebaki akawa mmoja tu, nchini Japani. Halafu kuna nakala za majaribio, zinazosikilizwa kabla ya kutengeneza nyingi: sindano ikiruka, msanii anayewajali wasikilizaji wake huzikataa, na kazi hurudi kwa mchongaji.