Mba si ukavu wa kichwa

Ukienda kusukwa Kenyatta Market, Nairobi, hutakosa kuambiwa: "Dada, kichwa kimekauka, uwe unapaka mafuta." Msusi ameona vipande vyeupe kwenye chanuo na anasema kwa nia njema. Lakini mara nyingi hiyo ni mba, na mba haitokani na ukavu.

Kwenye ngozi ya kichwa cha kila mmoja wetu huishi kuvu wa jamii ya hamira, aitwaye Malassezia. Hula mafuta yanayotolewa na ngozi yenyewe, kisha huacha asidi ambayo kwa baadhi ya watu huichokoza ngozi, ikawasha na kubambuka upesi. Ukiongeza mafuta ya zeituni, umemwandalia chakula. Weupe hutoweka siku mbili kwa kuwa umelowa tu, nasi tunadhani tumepona.

Angalia vipande kwa karibu. Vya mba huwa vikubwa, vyenye umanjano na utelezi, vimeng'ang'ania kwenye mistari ya nywele. Vya ukavu ni vidogo kama unga, na mara nyingi hata miguu imepauka. Hapo mafuta yanafaa.

Kwa mba, ulizia duka la dawa shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu. Ipake kwenye ngozi, iache dakika 3 hadi 5, suuza, halafu tia kondishna nyweleni. Ukiwa umesuka, chupa yenye mdomo mwembamba hupita vizuri kati ya mistari.

Mtoto mwenye mabaka yasiyo na nywele mpeleke kliniki: huenda ni choa, nacho huhitaji dawa ya kumeza.