Mifumo ya Umeme si Msongo Mkubwa Peke Yake

Hapa Dar es Salaam, mwanafunzi wa uhandisi akisema kwamba amechagua kubobea katika mifumo ya umeme, wengi huelewa kuwa atashughulika na nyaya za msongo mkubwa, yaani volteji ya juu, na wengine humwomba aje kuangalia mita ya LUKU iliyogoma.

Mifumo ya umeme ni tawi la uhandisi wa umeme linalochunguza jinsi mitambo ya kuzalisha, njia za kusafirisha, vituo vya kupozea na mizigo ya watumiaji (vyote vinavyotumia umeme huo) inavyofanya kazi kama kitu kimoja. Katika shahada ya kwanza, ambayo kwetu huchukua miaka 4, mwanafunzi hupitia kwanza hisabati, saketi na mashine za umeme, ndipo aingie katika ukokotoaji wa mtiririko wa umeme gridini, uchambuzi wa hitilafu, ulinzi na uthabiti.

Linalonikera zaidi ni dhana kwamba mfumo ni jumla ya megawati. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115, na watu huuliza, kwa haki kabisa, inakuwaje umeme ukatike ilhali upo mwingi kiasi hicho. Jibu ni kwamba umeme wa gridi hausubiri kwenye nyaya: kila sekunde kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika pamoja na kinachopotea njiani, na usawa huo ukiyumba, masafa ya hezi 50, yaani mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, huyumba nao. Mtambo mmoja wa megawati 235 ukijizima ghafla, mitambo iliyobaki hufidia pengo kwa nishati ya mzunguko wake yenyewe, kasi yake hupungua na masafa hushuka. Hapo vidhibiti vya kasi hufungulia maji au gesi zaidi, na visipotosha, rilei, yaani swichi za ulinzi zinazojiendesha, hukata baadhi ya maeneo kwa makusudi ili mengine yasalie. Pengo hilohilo huwa zito zaidi usiku wa manane, wakati matumizi ni madogo na mitambo inayozunguka ni michache. Tena, hata uzalishaji ukitosha, umeme wa Rufiji lazima upite njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze kabla ya kusambaa, na transfoma ya mtaani iliyozidiwa mzigo haisaidiki kwa wingi wa maji bwawani.

Kwa hiyo anayesema kwamba kijana huyu anasomea "umeme mkubwa" hajakosea kabisa, maana kilovolti 400 atazisoma. Ila mtandao mdogo wa kisiwani, wenye jenereta chache za dizeli na msongo wa kilovolti 11 tu, nao ni mfumo wa umeme kamili, na maswali ya masafa, ulinzi na uthabiti yanauhusu vilevile.