Bayomaka sio ugonjwa jamani

Juzi tena, kwenye daladala ya kwenda Kiboriloni, bibi mmoja anamwelezea mwenzake kuwa mjukuu wake, mtoto njiti, kachukuliwa mkojo wa utafiti na "amekutwa na bayomaka, kwahiyo figo zimekufa". Nilishindwa kumkatisha, alikuwa na uchungu sana, ila imenikaa moyoni ndo maana naandika.

Bayomaka ni kiashiria tu, kitu kinachopimika mwilini kinachodokeza kuna jambo linaendelea. Hata wewe unazo kwenye mkojo wako sasa hivi, kinachoangaliwa ni kiasi.

Mkanganyiko mkubwa uko kwenye ile wanayoita NGAL, aina ya protini. Hiyo N ya mwanzo ni nyutrofili, zile seli nyeupe za damu zinazowahi kwenye maambukizi, maana huko ndiko ilikopatikana kwa binadamu na kupewa jina hilo mwaka 1993. Kazi yake mojawapo ni kuwanyima bakteria madini ya chuma wasizaliane. Baadaye ndo ikaonekana kuwa figo ikiumia nayo inaimwaga kwenye mkojo ndani ya masaa machache tu, wakati kreatinini ya kwenye damu, taka ambayo figo huichuja na ndo kipimo cha kawaida cha figo, inaweza kuchukua siku nzima au mbili kupanda. Na kreatinini yenyewe jina lake lina asili ya neno la Kigiriki la nyama, kwasababu inatoka kwenye misuli, sasa njiti wa kilo moja ana misuli gani? Tena siku zile za kwanza inayosomeka kwa sehemu kubwa ni ya mama yake, ilipitia kwenye kondo. Halafu damu yote ya mtoto huyo ni kama mililita 90 hadi 100, utamchoma mara ngapi? Mkojo unakamuliwa tu kwenye pamba iliyowekwa ndani ya nepi.

Kwahiyo NGAL ikiwa juu, inaweza kuwa figo zimeumia, labda kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa au kwa dawa kama jentamaisini, inaweza kuwa maambukizi, inaweza kuwa vyote, na wakati mwingine ni uchanga wenyewe maana figo zinaendelea kuumbika mpaka wiki ya 34 hadi 36 ya mimba. Njiti wa kike nao huwa nayo juu kuliko wa kiume. Na figo kuumia sio kufa, mirija yake inaweza kupona.

Bibi yangu, ningekuwa na ujasiri siku ile ningekwambia hivi: sema kiashiria kimepanda, halafu kawaulize madaktari wanahisi ni maambukizi au ni figo, na wanampima tena lini.