Moka Hainunuliwi Namba Moja Juu

Jumamosi iliyopita alikuja kijana anayejiandaa kuoa, amevuka na meli kutoka Nansio. Nilimpima mguu: 42 kamili. Nikampa moka, kile kiatu cha kuchomeka kisicho na kamba, namba 42, rangi ya damu ya mzee, ikamkaa vizuri sana. Akaivua na kuniambia, "Fundi, nipe 43. Moka inatakiwa ipwaye kidogo, mguu upumue." Ndani ya wiki moja alikuwa mteja wa tano kuniambia hivyo. Nimeuza na kushona viatu hapa Mlango Mmoja, Mwanza, miaka mingi, na hakuna kauli inayonichosha kama hiyo.

Najua ilikotoka. Tulipokuwa watoto, kiatu cha shule kilinunuliwa kikubwa ili kifike darasa linalofuata. Mama alichomeka kidole nyuma ya kisigino. Kidole kikipita, kiatu kimefaa. Kwa mtoto anayekua, tena kwa kiatu cha kamba, hesabu hiyo ilikuwa na maana, kwa sababu kamba hukaza nafasi inayobaki. Moka haina kamba. Inashikwa mguuni na sehemu mbili tu: paji, yaani ile ngozi inayolala juu ya mguu, na kisigino. Paji likilegea, mguu unateleza mbele kila hatua, vidole vinajikunja vikitafuta pa kushika, na kisigino kinapanda na kushuka. Malengelenge yanaanzia hapo. Watu huniletea kiatu wakisema kimewachubua kwa kubana, kumbe kimewachubua kwa kupwaya.

Na mji wetu hauna huruma na kiatu kinachopwaya. Shuka zile njia za mawe za Igogo au Mabatini ukiwa na moka kubwa, utafika chini umeishika mkononi.

Kuna jambo jingine ambalo wateja hawalihesabu. Ngozi hutanuka kwa kuvaliwa. Inatanuka upana, urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusaidia. Kwa hiyo ile 43 inayopwaya kidogo dukani, baada ya mwezi inapwaya sana. Halafu watu wanasema "namba moja tu" kana kwamba ni kitu kidogo. Namba moja ya Ulaya ni milimita 6 na theluthi mbili. Namba moja ya Uingereza ni karibu milimita 8.5. Kwa kiatu kisicho na kamba, hiyo ni nafasi kubwa. Mimi naweza kukuwekea soli ya ndani, naweza kubandika sponji chini ya paji, lakini siwezi kuhamisha mahali kiatu kinapokunjika. Kikiwa kirefu kuliko mguu, mkunjo unakaa pasipo pake na ncha inaanza kutazama juu. Kinyume chake, moka ya ngozi inayobana ubavuni naiweka kwenye kalibu, lile umbo la mguu la kutanulia kiatu, usiku mmoja au miwili na inaachia.

Ukija kununua, njoo baada ya saa tisa alasiri, mguu ukiwa umeshatembea na kuvimba kwa joto. Njoo na soksi utakazovaa. Vaa miguu yote miwili, maana ni nadra kuwa sawa, na ufuate ule mkubwa. Simama, usijaribu kiatu umekaa. Paji likukamate bila kukuumiza, vidole vilale vimenyooka. Dole gumba likigusa mwisho wa mbele, acha, urefu huo hautaongezeka. Kisigino kikinyanyuka kidogo sana usishtuke, soli mpya bado ni ngumu na italainika. Kikichomoka chote, rudisha. Wala usiamini namba iliyogongwa ndani, hasa kwenye mtumba, kwa sababu viwanda havipimi sawa. Amini mguu.

Yule kijana nilimwambia avae 43 apande hadi barabarani na kurudi. Aliporudi aliomba 42 mwenyewe.

Kauli nyingine ninazozisikia nitazipitia haraka.

"Ngozi halisi haiungui, choma na kiberiti uone." Naomba wauzaji wenzangu tuache mchezo huu. Ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki juu bado ni ngozi, na mwali wa sekunde mbili hauwezi kukueleza ubora wake. Unachopata ni doa kwenye kiatu kizuri. Angalia ukingo uliokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi, bandia ina kitambaa kilichobandikwa utando. Bonyeza kwa kidole: ngozi nzuri inatoa mikunjo midogo isiyofanana.

"Moka haivaliwi na soksi." Nani alisema? Kampuni ya G.H. Bass ya Marekani ilipoanza kuuza moka zake za Weejuns mwaka 1936, kwa kufuata viatu vya kuchomeka vya Norway, wanafunzi wa vyuo walizipenda na wengi walizivaa na soksi. Kwa joto la Mwanza, mguu mtupu unamwaga jasho moja kwa moja kwenye ngozi, na chumvi yake inaikausha na kuipasua. Vaa zile soksi fupi zinazojificha ndani, na usivae moka ileile siku mbili mfululizo.

"Nyeusi inakubali kila kitu." Nyeusi inapendeza na suti na suruali ya kitambaa ya kijivu. Ukiiweka chini ya suruali ya kadeti ya kaki na fulana ya kola, ile fomu siksi, nyeupe, miguu inaonekana imetoka kwenye nguo nyingine. Mtu mwenye uwezo wa moka moja tu namshauri achukue kahawia iliyokolea au damu ya mzee. Inakwenda na kaki, na bluu iliyokolea, na shati la kitani. Na kadeti yako mpelekee fundi cherehani, pindo liguse kiatu kidogo tu. Suruali inayojikusanya juu ya moka inaficha kiatu ulicholipia.

"Ikilowa, ianike juani." Mvua ikipiga, kesho yake naona viatu vimepangwa juu ya mawe mchana kweupe, na jiwe linaunguza. Ngozi inakauka ghafla, inakakamaa, inapasuka. Jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo, badilisha magazeti yakilowa, kisha paka dawa ya viatu.

"Kiatu cha kabatini hakichakai." Hili linawaumiza hasa watu wanaotunza kiatu kwa ajili ya sherehe. Zile soli nyepesi za poliyurethani huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, hata zisipovaliwa, na hapa ziwani unyevu upo. Unakitoa kabatini baada ya miaka kadhaa, unatembea hatua kumi, soli inamomonyoka kama mkate mkavu. Kitoe na ukivae mara kwa mara, na wiki mbili kabla ya shughuli ikunje soli uone kama ina nyufa. Ikiwa nazo, niletee niibandue yote na kuweka soli ya mpira. Gundi inahitaji muda, kwa hiyo usiniletee asubuhi ya harusi.