Msokoto wa mtutu: kwa nini urefu wa risasi hutangulia uzito wake

Msokoto wa mtutu ni umbali ambao kichwa cha risasi husafiri ndani ya mtutu hadi kikamilishe mzunguko mmoja, kikiongozwa na mifereji iliyochongwa humo. Gobori halina mifereji, kwa hiyo halina msokoto. Kwenye bunduki ya Winchester ya 1894 yenye risasi za kipimo cha .30-30, umbali huo ni kama milimita 305. Kwenye bunduki za Mauser za kale zenye risasi za kipimo cha 7x57 ni kama 220, yaani hizo huzungusha kichwa kwa kasi zaidi.

Mtu aliyerithi bunduki ya kuwindia, akitaka kujipakia risasi mwenyewe, yaani kujaza baruti na kichwa kipya kwenye ganda, kwa kawaida huuliza kwanza uzito wa kichwa. Naliona swali hilo limewahi mno. Mwaka 1879 Mwingereza George Greenhill alionyesha kwa hesabu kwamba kinachodai mzunguko wa kasi, ili kichwa kisiyumbe angani, ni urefu: kadiri kichwa kinavyozidi kuwa kirefu kuliko unene wake, ndivyo msokoto unavyopaswa kuwa mfupi.

Sisi wa Lubumbashi, ambako kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, tunaweza kulishika jambo hili upesi. Sentimita moja ya ujazo ya madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba ina gramu 8.9 tu, basi kichwa cha shaba tupu chenye uzito uleule wa kile alichotumia babu hakina budi kuwa kirefu zaidi, na huenda mtutu wa babu usiweze kukituliza. Karatasi ya shabaha itasema: kichwa kilichotulia hutoboa tundu la duara, kilichoyumba huacha mpasuko mrefu kwa kuwa kimefika kiubavu. Kuongeza baruti hakuponyi kasoro hiyo, na kwa chuma cha kale ni hatari.

Kwa hiyo pima kwanza. Hakikisha bunduki haina kitu, sukuma ndani ya mtutu ufito wa kusafishia wenye kitambaa kilichobana na mpini unaozunguka, utie alama, kisha pima umbali unaoingia hadi alama irudi juu. Baada ya hapo ndipo kichwa huchaguliwa, na baruti huanzia kipimo cha chini kabisa cha jedwali la mtengenezaji wake, ikipandishwa kidogo kidogo. Fataki, yaani kile kidude cha kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti, ikitoka imebapa, au komeo likawa gumu kufunguka, upakiaji umeshavuka mpaka.